Umri wa Tindra

Vidole vilevile alivyotoka kuchomolea ugoro chini ya mdomo, Mzee Samwiri alivitumbukiza kinywani mwa farasi.

"Tazama meno," alisema. "Hayo ni meno ya mtoto hayo?"

Concessa, mfanyakazi wake wa bandani, alitazama. Aliona meno ya mtoto, sasa yamepakwa ugoro. Aligeuka, akajifanya anatafuta reki.

Samwiri alikuwa Mganda aliyekimbilia Sweden tangu miaka ya themanini. Alikuwa na banda la farasi nje kidogo ya mji wa Tumba, kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. Ukimwona ungedhani alizaliwa Texas. Alizaliwa Masaka.

Jumamosi ya wiki hiyo mwalimu kutoka Marekani alikuwa anakuja kufundisha mbio za mapipa kwa siku mbili. Farasi anatimka, anayazunguka mapipa matatu kwa kona kali, halafu anarudi mbio za kufa mtu. Wapenda farasi wote wa Stockholm wangekuwepo, na Samwiri alitaka wamwone Tindra, jike wake mwekundu. Tatizo moja tu: farasi aliye chini ya miaka minne hakubaliwi. Pasipoti ya Tindra ilikuwa haijatoka. Ndiyo, huku hata farasi ana pasipoti, na anaingoja kama sisi wengine. Kwa hiyo waandaaji walikubali fomu yenye sahihi mbili, ya mwenye farasi na ya anayemlisha kila siku.

Sahihi ya kwanza ilishawekwa. Kwenye nafasi ya umri, Samwiri alishaandika 4, kwa wino.

"Mzee, huyu ni miye nilimupokea akitoka mu tumbo," alisema Concessa. "Mwezi wa sita, miaka mbili imepita. Hiyo miaka ine ametoa wapi?"

"Mwangalie urefu wake basi!"

"Ni murefu. Haiko mukubwa."

Samwiri alicheka. Mwaka uliopita alimwongezea miaka farasi dume mmoja mchanga, akacheka hivihivi. Dume yule alirudi kutoka kozi kama hiyo akichechemea, goti limevimba. Baada ya wiki tatu lori la machinjio lilikuja. Samwiri alisimama palepale akila mkate wake wa jibini huku lori likipakia, makombo yakimdondokea tumboni. Tangu siku ile Concessa hakuweza kumtazama mzee yule akitafuna.

Lakini kazi ilikuwa ya mzee yule. Mchungaji wa kanisa lao ndiye aliyemwombea nafasi, maana hakuwa na cheti chochote. Alizoa mavi, alibeba magunia, mgongo ulimwaka, na buti alizonunua baada ya theluji kuyeyuka zilikuwa zimeshaanza kumbana vidole. Alivumilia. Bila mshahara, watu wa ustawi wa jamii wangerudi na maswali yao, na wakianza kumchunguza yeye wangemchunguza na Shalom. Shalom alikuwa na miaka minane. Ndiye pekee aliyetoka naye Bukavu.

Akitia sahihi, miguu ya Tindra imekwisha. Asipotia, kazi imekwisha.

Samwiri akalainisha sauti. "Mama Shalom, sikiza. Wewe si mtoto. Una miaka ishirini na minne, unalea, unalipa nyumba. Dunia unaijua. Hii ni namba tu. Nani aliumizwa na namba?"

Akamnyooshea kalamu. Ilikuwa na mate.

Concessa hakuwahi kuona kinyaa namna ile. Hakikuwa cha Samwiri peke yake. Ilimchukiza ile karatasi, ikamchukiza kalamu, ukamchukiza ule wepesi wa mtu kukaa mezani na kumbebesha mwingine miaka ambayo hajaiishi. Tindra alikuwa amempenyezea pua kwapani akitafuta karoti, kama alivyozoea.

Aliichukua fomu, akaingia nayo chumba cha matandiko, akainua simu ya ukutani na kubonyeza namba iliyoandikwa juu ya karatasi. Kwa Kiswidi chake cha darasani, polepole asije akakosea, alisema kwamba farasi aitwaye Tindra ana miaka miwili na miezi minne, na hatakuja. Mama wa upande wa pili alimshukuru. Jina limefutwa, akasema.

Alipogeuka, Samwiri alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alitema ugoro wake kwenye sakafu ambayo Concessa alikuwa ametoka kuifagia, kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Concessa akampa.

"Kesho usije."

Alipanda basi hadi Tumba na kumpitia Shalom shuleni. "Mamma!" mtoto alipaza sauti toka upande wa pili wa uwanja, mbele ya mwalimu, kama kila siku. Mwalimu akatabasamu. Concessa naye akatabasamu, akamfunga zipu ya koti, wakaondoka. Habari ya kazi hakuisema. Njia nzima Shalom alizungumza Kiswidi, habari za kuogelea na za rafiki aliyemnyima rangi.

Ndani ya lifti ya nyumba yao, milango ilipojifunga, Shalom alihakikisha kwamba wako wawili tu. Akaacha Kiswidi, akamvuta mkono ainame, akamnong'oneza sikioni.

"Dada, kesho unatimiza kumi na munane. Sasa utakuwa mutu muzima ya kweli?"