Dishi la Mtumba

Ilikuwa siku ya nne mke wangu kaninunia, hanisemeshi, kisa dishi la mtumba, pana kama meza ya watu sita, nililonunua bila kumshirikisha.

Nikalipandisha juu ya paa peke yangu. Ila dishi halifungwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa ndani, wa kuangalia runinga na kukupigia kelele. Nikawa nalizungusha kama bubu, jasho likidondokea spana.

“Bado!” Sauti ya mke wangu ikatokea dirishani.

Nikasogeza.

“Bado, baba watoto! Rudisha kidogo… Hapo hapo! Usiguse! Picha imetulia kama maji mtungini!”

Nati ilikuwa haijakazwa. Nikalisukuma dishi kwa kiwiko, taratibu, makusudi.

“Na sasa je, mama watoto?”