Fundo la Saba

Sikudhani alivuta kamba kutoka kisimani, wakulima wakahesabu mafundo yaliyolowa ili kujua kina cha maji. Yalikuwa saba. Yakiwa chini ya saba, pampu za mashamba ya vitunguu haziwashwi, ndivyo walivyokubaliana.

"Haya, washeni!" alisema Makame, mwenye shamba kubwa kuliko wote. Wakatawanyika wakishangilia.

Sikudhani akabaki akikunja kamba. Mafundo yale aliyafunga mwenyewe, kila moja mbali na jingine kwa urefu wa kiwiko chake hadi ncha ya kidole. Akaulaza mkono juu ya kamba, kiwiko kwenye fundo la kwanza. La pili halikufika hata kiganjani.

"Makame! Nani kayasogeza mafundo ya kamba yangu?"

Makame akainama kuwasha pampu yake. Pampu zikanguruma zote kwa pamoja, na kwenye ukuta wa kisima unyevu ulioachwa na maji yanayoshuka ukaanza kurefuka kwenda chini.