Jani la Mstari wa Mwisho

"Bado," alisema mama mkwe, akilitafuna jani la stevia, ule mmea wa majani matamu kama sukari, kwa meno ya mbele. "Halijakolea. Tungoje wiki moja."

Wiki iliyopita alisema hivyo hivyo. Sasa nyuma yake shamba lilikuwa limejaa maua meupe, na stevia ikishachanua, utamu wa majani unakwenda zake. Mashina yenyewe yako mwaka wa sita, yamechoka. Haya ndiyo mavuno ya mwisho, kisha tunang'oa.

Lakini nani amwambie? Tangu niolewe, ulimi wake ndio unaoamua siku ya kuvuna. Wangu, aliwahi kusema mbele ya wageni, ni wa umbea tu.

Kilichonitia shaka ni chumvi. Zamani kila mboga yangu aliiona ina chumvi nyingi au haina; tangu augue homa majuzi, hajailalamikia hata siku moja.

Basi nilikwenda kwenye mwarobaini ulio kando ya choo, nikachuma jani changa, nikalisokota vidoleni mpaka likapoteza umbo.

"Onja na hili, mama. La mstari wa mwisho."

Alilitafuna polepole. Nilingoja akunje uso, ateme, anitukane. Mate ya kijani yalimchuruzika pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa kidole gumba.

"Hili sasa ndilo tamu," alisema. "Umeona, mwanangu?"

Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kuniita hivyo.

Akanyoosha mkono. "Hebu niletee jingine."