Mgeni Kwenye Seva

Nyuki ndio waliomtia fundi wasiwasi. Alifungua kompyuta baada ya chai, akakuta mfugaji mmoja wa nchi ya mbali amesimulia jinsi nyuki wake walivyouhama mzinga na kupanga ndani ya sanduku la barua. Kisa kilikuwa kitamu. Taabu ni kwamba fundi hakuwa akimfuata mfugaji wa nyuki yeyote.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Humo, juu ya friji mbovu ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, alikuwa ameweka kompyuta kuukuu na kuigeuza seva yake ya mtandao wa kijamii. Mtandao huo hauna tajiri mmoja anayeumiliki. Anayetaka hufungua seva yake, na seva zote husemezana. Lakini seva ndogo haioni mbali. Huletewa maneno ya wale tu ambao wenyeji wake wanawafuata, na mwenyeji alikuwa yeye peke yake. Alijaribu kutafuta watu kwa alama ya reli, ile # inayotangulia neno, akaandika friji, akaandika vichekesho, akaambulia patupu. Ukurasa ulibaki mweupe.

Sasa nyuki. Kesho yake akaja baharia anayechora paka wa bandarini, halafu mkunga mstaafu anayesimulia ndondi kwa utamu kuliko watangazaji wa redio. Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka, kisha akajiuliza ni nani anayewaleta watu hawa.

Akachungulia orodha ya wenyeji wa seva. Walikuwa wawili. Wa pili alijiita Kinyonga, hakuwa na picha, na alikuwa akifuata watu chungu nzima. Usajili fundi aliuacha wazi tangu mwanzo, akitumaini kuna mpita njia atakayebisha hodi. Huyu aliingia bila hodi na kuanza kupanga samani.

Fundi alitaka kumfukuza. Kilichomzuia ni nyota, alama anayoweka msomaji aliyependezwa. Kila alichowahi kuandika kilikuwa na nyota moja, ya Kinyonga, na mtu humfukuzaje msomaji wake wa pekee?

Na fundi aliandika jambo moja tu: Jemadari. Ndilo jina alilompa mama mkwe wake, aliyekuja kutembea kidogo na sasa alikuwa na kiti chake, kikombe chake na dirisha lake. Mama huyo hakuwa akizungumza na fundi. Shikamoo yake aliijibu akiutazama ukuta. Akiwa na neno, alimwambia binti yake, "Mwambie mumeo," hata kama mume mwenyewe amekaa katikati yao. Hata alipotaka neno la siri la intaneti ili asikilize nyimbo zake za dini, ombi lilipitia kwa mke wa fundi, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo.

Fundi akamwandikia Kinyonga kumuuliza yeye ni nani. Jibu likaja fupi: jirani yako kwenye shida.

Wakaelewana. Fundi aliandika kwamba Jemadari akikohoa, hata friji zisizo na umeme huanza kunguruma. Kinyonga akamjibu kwamba hapo ni afadhali. Akinyamaza ndipo maziwa huganda. Fundi akaandika kuhusu mboni za macho ya Jemadari. Kinyonga akaongeza kwamba Jemadari hukagua godoro kwa kulipiga makofi kama mtu anayenunua tikiti.

Hapo fundi akajua. Ni nani angelijua hilo la godoro kama si shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa lori, kitinda mimba aliyelelewa na makofi hayo?

Haukupita muda, mkewe akamweleza kwamba mdogo wake huyo amemaliza kujenga chumba cha uani, na Jumamosi atakuja kumchukua mama akakae kwake. Fundi akavaa uso wa huzuni mpaka alipofika karakana, akafunga mlango na kucheza dansi kimyakimya katikati ya friji. Kisha akaliandika hilo nalo.

Safari hii nyota haikuja. Lilikuja swali: "Akienda, utaandika nini?"

Fundi akacheka. Akaanza kujibu, akafuta. Akaanza tena. Mwishowe akaandika kwamba hajui. Akaandika kwamba siku ile Jemadari aliposhikwa na homa na kulala mpaka adhuhuri, yeye aliunguza mota ya mteja kwa sababu alikuwa ametega sikio mlangoni, akisubiri kikohozi. "Usimwambie mtu," alimalizia, "lakini nyumba hii bila yeye nitaiona baridi."



Jumamosi shemeji akaegesha gari mlangoni. Fundi akajitwika begi, na walipofika nje akamnong'oneza kwamba anajua kila kitu, kwamba amemsamehe kuingia bila hodi, na kwamba amtunze mama vizuri, Kinyonga wee.

Shemeji akamkazia macho. "Kinyonga ndiye nani?" akauliza. "Mimi mwenyewe simu yangu ya vitufe."

Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini, miwani puani na simu mkononi. Mke wa fundi akamsogelea, tayari kupokea ujumbe na kuufikisha, lakini mama akampita.

"Rudisha hilo begi ndani, mwanangu," akamwambia fundi, akimtazama usoni. "Halafu ukaandike. Tangu juzi hujanipa kitu cha kusoma."