Kilio kwa Mama Georgette

Jumatatu asubuhi Mama Georgette alilaza matawi mabichi barabarani mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yake, akatoa viti nje, akajifunga kitambaa kichwani. Mtaa mzima ukaelewa: pale kuna kilio.

Bafle za muziki za jirani wa kushoto zikazimwa. Za kulia nazo zikanyamaza. Miaka miwili alikuwa akizigombeza bila kufua dafu, tangu majirani zake wa zamani walipohamia Lubumbashi na kugeuza nyumba zao kuwa vyumba vya wanafunzi. Yeye alikataa katakata. Hata ndugu walipomsihi aweke wawili tu, wagawane loyer, kodi ya kila mwezi, aliwajibu kwamba nyumba ya baba haitakuwa bweni la chuo. Alitaka kitu kimoja tu: kupata usingizi katika nyumba aliyozaliwa.

Sasa palikuwa kimya. Akavuta kiti kivulini na, haki ya Mungu, akasinzia.

Saa sita akashtuliwa na miguu. Wanafunzi wote, kama arobaini hivi, walikuwa wakiingia kumpa pole. Watoto waliolelewa vizuri, utawalaumu kwa lipi?

"Pole sana, mama," alisema Mwadi, msichana wa nyumba ya kushoto. "Nani amekufa?"

"Kaka yangu Carlos, wa Kakanda."

"Na maiti iko wapi?"

"Iko kule kule. Tunangoja famille."

"Basi shiye tutangoja na weye, mama. Hatutakuacha peke yako."

Akasema si lazima. Wakadhani ni uchungu unaosema.

Wakaleta magodoro, ndoo, masufuria na turubai la buluu. Wavulana wakalala uani, wasichana wakajaza sebule. Kwaya yao ikaimba tangu asubuhi hadi jioni, sauti nne kamili, na Dodo wa nyumba ya kulia akaziwasha tena zile bafle, safari hii ndani ya lupango, ili marehemu aheshimiwe. Famille haikuja. Mama Georgette akalia machozi ya kweli, na kila alipolia waliimba kwa nguvu zaidi.

Siku ya tatu mzee mmoja akashuka kwenye pikipiki, koti mkononi. Akatazama magodoro yaliyoegemezwa ukutani, ndoo zilizopangwa mlangoni, nguo za wasichana zilizoanikwa kwenye kamba. Hakulia. Dodo akampa kiti, akafungua daftari la wageni.

"Karibu, papa. Tuandike jina gani?"

"Bamenipasha habari ya hii nyumba, njo nimekuja kuona na macho yangu," alisema mzee. "Uambie dada yangu Georgette: Carlos wa Kakanda amefika, anataka part yake ya loyer."