Nusu Kilo ya Généreuse

"Fundi, umekula chuma changu."

Généreuse alisimama mbele ya tanuru la Asmani, mikono kiunoni. Kitu kilichoingia kama chungwa kilikuwa kimetoka kama limao.

"Kilichotoka ni nta, mama. Chuma iko yote humo ndani."

Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo Asmani tangu tajiri wake Mgiriki akimbie vita na kumwachia mashine: kuchanganya unga wa tungsteni, chuma kizito mara mbili ya chuma cha kawaida, na nikeli kidogo na nta ya moto, kuusukuma ndani ya kalibu kama dawa ya sindano, kuitoa nta, kisha kuchoma mpaka chembe zishikane. Kitu kinanywea, chuma hakipungui.

"Kishike."

Akakishika. Mkono ukashuka nacho. Généreuse akacheka mpaka akakalia gunia la mkaa.

Kwa macho, lilikuwa jiwe la mizani la nusu kilo. Kwa uzito, kilo nzima: angelipia nusu, achukue kilo. Na alilihitaji. Nyumba yake ilijaa shangazi, wajomba, watoto wa wajomba na mbuzi wao, wote wameshuka milimani kwa kukimbia risasi, na hakuna aliyeisahau njaa yake huko juu. Samaki aliowanunua waliishia sufuriani kabla hawajaona soko. Wiki moja zaidi ya hivyo, na meza yake sokoni angeikalia mwingine.

"Na siri, fundi?"

"Mama, wateja yangu yote ni watu wa siri."

Akateremka moja kwa moja hadi ufukweni mwa ziwa. Lukeba, mvuvi kutoka Fizi, alikuwa ameshafika na samaki wake wa mukeke ndani ya beseni. Généreuse akaweka jiwe kwenye mizani kwa uso wa mtu anayetoka kuungama.

Lukeba akalitazama. Akalitazama tena.

"Iyo nusu yako iko mupya, mama."

"Ni ya kisasa."

"Sawa. Weka tu."

Lukeba, mtu anayebishana hata na salamu, hakubishana. Akawapanga samaki mwenyewe, taratibu, vichwa juu, kama anayelaza watoto.

"Wamenona kweli," akasema Généreuse.

"Vita ni ya watu, mama. Samaki yeye anakula tu."

Alirudi nyumbani akiimba, beseni kichwani, shingo ikimuuma kwa furaha. Leo wangekula wote, na wengine wangebaki wa kuuza.

Shangazi Elda akachukua kisu, akampasua mukeke wa kwanza. Kisu kikalia: ka. Akaingiza vidole tumboni, akatoa kidude cheusi, laini, ukubwa wa chikichi. Kikamponyoka. Kikaangukia kidole cha mguu cha Généreuse, naye akaujua uzito ule kabla hajainama kukitazama.