Korongo wa Bihambwe

"Astrid, piga mikono, huyu korongo aruke!" Papa Yves, mupiga picha niliyekuwa ninamutembeza, aliniambia, jicho lake likiwa ndani ya kamera yenye mudomo murefu kuliko wa ndege mwenyewe.

Pori la Walikale lilimunyima picha, likamupa mvua tu. Sasa, katika matope ya Bihambwe, alikuwa amepata korongo mwenye taji la dhahabu, na alitaka mabawa wazi. Lakini korongo alikuwa amelalia mayai, na kunguru walikuwa wanazunguka juu. Akiruka tu, wanakula mayai yote.

"Hapana, Papa. Iko nalalia mayai."

"Kazi yako ni kunionyesha ndege ao kunihubiria?"

"Kukuonyesha. Njo ile pale, imekaa."

"Basi kesho nitatafuta muntu mwingine wa kunitembeza!"

Akainama, akaokota donge la matope, akainua mukono.

Nilipita mbele yake polepole. Matope yakanivua boti ya muguu wa kushoto, nikaiacha humo. Nikasimama karibu kabisa na kamera, nikafungua kikwembe cha manjano nilichofunga juu ya suruali, nikashika ncha zake, nikanyoosha mikono.

"Mabawa njo haya, Papa. Piga picha."

"Toka hapo!"

"Nitoke namna gani? Miye pia niko nalalia mayai."

Donge lilikuwa bado mukononi mwake, maji yake yakimutiririka mupaka kwenye kiwiko.

"Rusha basi," nilimwambia. "Korongo wa leo ni mukubwa, hautamukosa."